Kujua Kuogelea si Kujua Kufundisha



Somo letu la leo linahusu michezo. Najua wengine watasema, "Hayo ni mambo ya vijana, sisi tuna kuku na tangi la maji la kushughulikia." Lakini ngojeni kwanza. Karibu kila kikundi siku hizi kina timu ya vijana. Pengine ni ya mpira, pengine ni ya mbio. Tunawanunulia jezi, tunawachangia nauli, tunawashangilia wakishinda. Ni vikundi vichache vinavyosimama na kuuliza: Huyu mtu anayewafundisha watoto wetu, yeye alifundishwa na nani?

Hilo swali niliulizwa mimi mwenyewe mbele ya watu, na sikuwa na jibu. Ndiyo sababu naandika somo hili.

1. MAMBO YALIVYOANZA

Mimi nilikulia karibu na mkondo wa bahari, upande wa Kilifi. Kuogelea nilijifunza utotoni, hakuna aliyenifundisha. Baiskeli niliizoea kwa sababu ya kazi, maana kuzungukia miradi ya vijiji bila baiskeli ni taabu. Mbio nazo nilikimbia shuleni. Basi, nilipokuwa na miaka 39, rafiki mmoja aliniambia kuna mchezo unaounganisha hayo matatu, unaitwa triathloni. Nikajaribu. Nilimaliza karibu na wa mwisho, miguu ikitetemeka, lakini nilifurahi sana. Tangu hapo nimekuwa mchezaji wa ridhaa, yaani mtu anayecheza kwa kupenda tu, bila malipo.

Habari zikaenea. Vijana wakaja: "Mwalimu, tufundishe na sisi." Nikasema sawa. Kwani kuna ugumu gani? Kuogelea najua, baiskeli najua, kukimbia najua.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa na watoto kumi na wanne kwenye mkondo. Niliogelea mbele nikiwaonyesha mkono unavyokwenda, wao wakinifuata nyuma kama vifaranga na bata. Niliporudi ufukoni nikawahesabu. Kumi na tatu. Nikahesabu tena. Kumi na tatu.

Ilikuwa ni siku chache baada ya mwezi mpevu, wakati wa maji ya bamvua, na maji yalikuwa yameanza kupwa. Maji ya bamvua yakipwa huvuta kwa nguvu kuelekea bahari kuu. Mvulana mmoja wa miaka kumi alikuwa amevutwa pembeni bila kupiga kelele. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza nyavu ndani ya mtumbwi wake, ndiye aliyemwona ameshikilia kamba ya mashua iliyotia nanga. Akamchukua, akamleta. Mtoto alikuwa mzima, ila amemeza maji na anatetemeka.

Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hukuuliza maji yanapwa saa ngapi?" Na mama wa mtoto, alipofika, akaniuliza mbele ya watu wote: "Wewe nani alikufundisha kufundisha?"

Wacha niwaambie ukweli, usiku ule sikulala. Nilikuwa najua kuogelea kuliko mtu yeyote pale ufukoni, na karibu nipoteze mtoto. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi maji niliyafika. Nisichokifika ni kazi ya kuwaangalia wengine ndani ya maji.

2. TRIATHLONI NI NINI?

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Triathloni ni mashindano ya mambo matatu yanayofuatana bila kupumzika: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia. Saa haisimami hata unapovaa viatu.

Mchezo huu ulianza San Diego, Marekani, mwaka wa 1974. Shirika lake la dunia liliundwa mwaka wa 1989 mjini Avignon, Ufaransa, na siku hizi linaitwa World Triathlon. Triathloni iliingia kwenye Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka wa 2000 huko Sydney, Australia. Umbali wa Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, na kukimbia kilomita 10. Kuna mashindano mafupi ya nusu ya hayo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Watoto hupewa umbali mfupi zaidi, kulingana na umri wao.

Mtu asidhani ni mchezo wa nchi kubwa peke yake. Bermuda ni kisiwa kidogo sana katika bahari ya Atlantiki, watu wake wote hawajai hata mtaa mmoja mkubwa wa Nairobi. Mwaka wa 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, mwanamke wa Bermuda anayeitwa Flora Duffy alishinda triathloni. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika historia ya nchi yake. Basi udogo wa mahali si sababu ya kukata tamaa.

3. KIKUNDI CHETU KILIVYOAMUA

Baada ya ile Jumamosi tulisimamisha mazoezi. Kisha tukaita mkutano. Hazina ya vijana ilikuwa na shilingi 26,000 zilizotokana na kuuza makuti na kuku. Mpango wa kwanza ulikuwa kununua baiskeli mbili za mitumba. Mimi nikaomba nipelekwe kozi ya ukocha ya ngazi ya kwanza, ambayo pamoja na ada, nauli na chakula ingegharimu shilingi 21,000.

Mabishano yalikuwa makali. Kijana mmoja alisema, "Baiskeli tunaiona. Cheti tutakiona wapi? Kitakaa nyumbani kwa Mwalimu." Na alikuwa na haki kusema hivyo. Ni mara ngapi tumempeleka mtu semina, akarudi na begi jipya na cheti ukutani, na kikundi kisipate kitu?

Mama mweka hazina ndiye aliyetupatanisha. Alisema: kikundi kilipe nusu, mimi nilipe nusu. Na tuandikiane. Nikirudi, kwa muda wa miezi sita niwafundishe wengine wawili yale niliyojifunza, kijana mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Nisipofanya hivyo nirudishe pesa. Nikatia sahihi, na mashahidi wawili wakatia sahihi.

Pesa zilizobaki hazikutosha baiskeli. Tulinunua kofia ngumu nne za baiskeli, na kamba ndefu ya kuokolea.

4. KOZI INAFUNDISHA NINI?

Kozi ilichukua siku tano. Tulikuwa watu wa kila namna: walimu wa shule, askari mmoja, vijana wakimbiaji, na sisi wachezaji wa ridhaa. Nilikwenda nikidhani tutafundishwa mbinu za kuwa na kasi. Kumbe kasi ilikuwa sehemu ndogo sana. Yafuatayo ndiyo mambo makubwa matano niliyorudi nayo.

A. Usalama kabla ya kila kitu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Shirika hilo linashauri watoto wanaozidi miaka 6 wafundishwe kuogelea na kujilinda majini. Kwa hiyo kumfundisha mtoto kuogelea ni kuokoa maisha, lakini mafundisho yenyewe yawe salama.

Kocha huanza kazi kabla mtoto hajalowa. Anakagua maji: kina, mkondo, mawe, vyombo vinavyopita. Anahesabu watoto wakiingia, anawahesabu wakiwa ndani, anawahesabu wakitoka. Anawapanga wawili wawili, kila mmoja na mwenzake wa kumwangalia. Anajua nani atakayeokoa, na kwa kifaa gani. Na yeye mwenyewe husimama mahali anapowaona wote. Mimi niliogelea mbele nikiwapa mgongo. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu kubwa.

Tena tulifunzwa kwamba mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Pumzi yote inatumika kutafuta hewa. Anaonekana kama amesimama ndani ya maji, kichwa nyuma, mdomo unazama na kutokea. Ukisubiri usikie kilio utachelewa.

Ukimwona anayezama, usirukie ovyo. Mfikie kwa fimbo au kasia. Ukishindwa, mtupie kamba, dumu tupu lililofungwa, au kitu chochote kinachoelea. Kuingia majini ni jambo la mwisho na la aliyefunzwa, maana anayezama atakushika na kukuzamisha.

Akishatolewa na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili atoe maji. Huko ni kupoteza dakika. Anahitaji hewa: kupuliziwa pumzi mdomoni, halafu kubonyezwa katikati ya kifua mara 30 na kupuliziwa pumzi 2, mfululizo, huku mtu mwingine akiita msaada. Kubonyeza kuwe kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hili halitoshi kulisoma gazetini. Ombeni mfunzwe kwa mikono na watu wa huduma ya kwanza. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na zile za serikali ni 999 na 112.

Kwenye baiskeli pia kuna sheria. Katika triathloni mchezaji haruhusiwi hata kuiondoa baiskeli mahali ilipoegeshwa kabla hajafunga kofia ngumu kidevuni, na haruhusiwi kuifungua mpaka aiegeshe tena. Ukiwazoesha watoto hivyo, kofia haitakuwa urembo wa siku ya mashindano tu. Na kabla ya kuondoka, kila mtu anakagua breki, upepo wa magurudumu, mnyororo na usukani. Fundi wa baiskeli wa kijijini anaweza kuwafundisha hilo kuliko kocha.

B. Kupanga kipindi

Zamani nilikuwa nafika ufukoni na kuuliza, "Haya, leo tufanye nini?" Kozi ikaniambia kipindi kisichoandikwa hakijapangwa. Karatasi moja inatosha. Unaandika lengo moja la siku, halafu sehemu tatu: kupasha mwili moto polepole, zoezi lenyewe, na kupoza mwili mwishoni. Unaandika idadi ya watoto, vifaa, hatari zilizopo na utakavyozizuia. Baada ya kipindi unaandika kilichofaulu na kilichoshindikana. Wakulima mnaotunza daftari la shamba mnajua faida ya jambo hili.

C. Jambo moja kwa wakati mmoja

Mtu anayejua kitu kwa muda mrefu hujisahau. Anamwambia mwanafunzi mambo kumi kwa pamoja: kichwa hivi, mkono vile, miguu hivi, usisahau pumzi. Mtoto anachanganyikiwa na kuogopa. Kozi inafundisha hatua nne rahisi: taja unalofundisha, lionyeshe, lieleze kwa maneno machache, halafu waache wafanye huku ukitazama. Ukisahihisha, sahihisha kosa moja, lile kubwa linalozaa mengine. Anza na kile alichokifanya vizuri.

D. Mtoto si mtu mzima mdogo

Watoto wawili wa miaka 13 wanaweza kuwa tofauti sana mwilini. Mmoja ameanza kukomaa, mwingine bado. Yule mkubwa atashinda mwaka huu, na sisi tutamsifu na kumwacha mwenzake. Baada ya miaka mitatu huenda mambo yakageuka kabisa, lakini yule mdogo alishakata tamaa na kuacha.

Tena, mtoto anaporefuka haraka, sehemu za mifupa zinazokua huwa dhaifu. Akilalamika kwamba anaumwa kisigino au chini ya goti, si lazima awe ni mvivu. Mpunguzie mbio, na maumivu yakiendelea apelekwe zahanati. Nimewaona makocha wetu wa kijijini wakimwambia mtoto "vumilia, bingwa haumwi." Huo ni ukatili, hata kama nia ni njema.

E. Heshima na mipaka

Hapa nawaomba wazazi wasome kwa makini. Kocha ana nguvu juu ya mtoto. Yeye ndiye anayechagua atakayesafiri na atakayeachwa. Mtu mbaya anaweza kuitumia nguvu hiyo vibaya. Kwa hiyo kuna sheria ambazo hata kocha mzuri lazima azifuate, ili zimlinde mtoto na zimlinde kocha mwenyewe:

- Kocha asikae peke yake na mtoto mahali pa faragha, wala asimchukue safari peke yake.
- Akihitaji kumgusa mtoto ili kumwonyesha jinsi mkono unavyokwenda, amweleze kwanza, amwombe ruhusa, na iwe mbele ya watu.
- Wasichana wapate mahali pao pa kubadilishia nguo, na mama mmoja awe karibu.
- Ujumbe wa simu kuhusu mazoezi uende kwa mzazi.
- Hakuna kupiga, hakuna matusi, hakuna kumwaibisha mtoto kwa mwili wake.

Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda kila mtoto wa Kenya dhidi ya dhuluma. Nambari ya simu ya kusaidia watoto ni 116, na kupiga ni bure. Iandikwe mahali watoto wanapoiona.

5. SIKU YA MTIHANI

Siku ya nne kila mmoja wetu alipewa wanafunzi sita awafundishe jambo moja. Mimi nilipewa: kutoa pumzi chini ya maji. Wanafunzi walikuwa wenzangu wa kozi, wakijifanya hawajui kitu.

Nikaanza. Nikaeleza umuhimu wa pumzi. Nikaeleza mapafu. Nikatoa mfano, halafu mfano mwingine. Wale sita walisimama ndani ya bwawa wakitetemeka kwa baridi. Mwishowe mtahini akanionyesha saa yake ya kupimia mbio. Nilikuwa nimeongea dakika sita, na hakuna hata mmoja aliyeweka uso ndani ya maji.

Akaniambia kwa upole, "Wewe ni mtu wa mikutano, nimekuelewa. Lakini hawa walikuja kuogelea." Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini moyoni niliona haya. Miaka zaidi ya kumi na tano naongoza semina za vikundi, na bado nilikuwa sijui kunyamaza.

Nikapewa nafasi nyingine kesho yake. Safari hii nilisema sentensi tatu. Nikaingia majini, nikapuliza mapovu, nikawaambia, "Haya, ninyi." Wote sita wakafanya. Nikasahihisha mmoja. Nikapita.

Tangu siku hiyo hata mikutano yangu imekuwa mifupi, na wanavikundi wameniambia wanashukuru.

6. CHETI SI MWISHO

Kuna watu watauliza: Mbona kuna makocha wakubwa wasiokuwa na vyeti walipoanza? Ni kweli. Mfano tunao hapa hapa Kenya. Mwaka wa 1976 Bruda Colm O'Connell alifika kutoka Ireland kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Lakini vijana waliopitia mikononi mwake ni wengi, akiwemo Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya 1988, na David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka wa 2012.

Tunajifunza nini? Kwamba karatasi haimfanyi mtu kuwa kocha. Yeye aliishi na wanafunzi mwaka baada ya mwaka, akiwatazama na kujifunza kwao. Lakini tusiseme, "Basi kozi ni kazi bure." Yeye alikuwa ndani ya shule, na walimu wenzake, na uwanja, na miaka mingi. Na uwanja wa mbio haummezi mtoto. Bahari humeza, na barabara ya lami huua. Katika kuogelea na kuendesha baiskeli hatuna ruhusa ya kujifunza kwa kukosea. Kozi ya ngazi ya kwanza inakupa makosa ya wengine ili usiyarudie.

Pia ngazi ya kwanza ina mpaka wake. Inakuwezesha kuwafundisha wanaoanza. Haikufanyi daktari, wala mtu wa kumtayarisha mchezaji wa Olimpiki. Kocha mwenye busara anajua ni lini amwambie mwanafunzi, "Sasa umenizidi, twende kwa mwingine."

7. KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI?

Hatua ya kwanza: Orodhesheni ujuzi uliopo kijijini. Sisi tulifanya hivyo na tukashangaa. Yule mzee mvuvi anajua bamvua na maji mafu kuliko kitabu. Fundi baiskeli anajua breki. Mhudumu wa afya wa kijiji anajua huduma ya kwanza. Kocha ni mtu wa kuwaunganisha hawa.

Hatua ya pili: Chagueni mtu kwa tabia, si kwa kasi. Mchezaji bora mara nyingi hana subira. Tafuteni anayefika mapema, anayehesabu, na anayependwa na watoto walio nyuma.

Hatua ya tatu: Ulizeni maswali kabla ya kulipa. Kozi inatolewa na nani? Chama cha kitaifa cha mchezo huo kinaitambua? Kuna mafunzo ya vitendo, au ni ya kukaa darasani tu? Kuna somo la kulinda watoto? Afisa wa michezo wa kaunti anaweza kuwaelekeza. Kuna pia Chuo cha Michezo cha Kenya, kilichoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Tena, mfuko wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki unaoitwa Olympic Solidarity husaidia kulipia kozi za makocha kupitia kamati za Olimpiki za nchi. Kwa hiyo ulizeni vyama vya michezo ni lini kozi ya namna hiyo itafanyika.

Hatua ya nne: Andikianeni. Atakayepelekwa arudi na kuwafundisha wengine wawili, kama sisi tulivyofanya.

Hatua ya tano: Wekeni rejista, fomu ya ruhusa ya mzazi, na mtu wa pili mzima katika kila kipindi. Akikosekana huyo wa pili, hakuna kuingia majini siku hiyo. Hata kama watoto watalia.

8. TULIPOFIKA SASA

Tulianza tena mazoezi baada ya miezi miwili. Saa ya kipindi inapangwa na mzee mvuvi, naye hukaa kwenye mtumbwi wake na kamba. Watoto wanaoanza hawapiti mahali maji yanapofika kiunoni. Vijana wawili niliowafundisha ndio wanaoongoza kupasha mwili moto, na msichana ananizidi kwa kueleza, maana haongei sana.

Yule mvulana hakurudi upesi. Nilikwenda kwao kuomba radhi, nikachukua na cheti changu nimwonyeshe mama yake. Hakukitazama. Alisema, "Mimi sina shida na karatasi. Nataka kujua ni nani atakayekuwa anamtazama mwanangu." Nikamweleza tunavyofanya sasa: tunahesabu mara tatu, mtumbwi uko pale, watoto wako wawili wawili. Akanyamaza. Mwishowe akasema, "Basi nitakuja mwenyewe kuhesabu."

Na amekuja kweli. Kila Jumamosi anakaa ufukoni na daftari la mahudhurio juu ya mapaja yake, anaita majina kwa sauti. Mwanawe bado anaogopa maji marefu, na hakuna anayemharakisha. Mwezi uliopita aliweka uso wake majini akapuliza mapovu, mara tatu. Mama yake aliandika hiyo pia daftarini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani anayewafundisha watoto wetu michezo? Tunajua nini juu yake?
2. Je, kuna ajali au hatari iliyowahi kutokea katika mazoezi au majini hapa kwetu? Ilisababishwa na nini? Tulibadilisha nini baadaye?
3. Tukiwa na pesa za kutosha jambo moja tu, vifaa au mafunzo, tungechagua nini? Kwa nini?
4. Mtu wetu akipelekwa kozi, tutahakikishaje kwamba ujuzi unarudi kwa kikundi?
5. Ni watu gani kijijini wenye ujuzi ambao hatujawahi kuwaita wasaidie watoto?
6. Mtoto akidhulumiwa na kocha, je, anajua amwambie nani?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: watu wawili wateuliwe waende wakatazame kipindi kimoja cha mazoezi ya vijana, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wasiseme neno. Wahesabu watoto wakianza, na wawahesabu wakimaliza. Kisha walete habari kwa kikundi.